Namna ya kupata ushauri wa kilimo unaokufaa, kwa wakulima wa Arusha na Moshi

Wakulima wenzangu, habari za kazi. Leo nataka tuongee hii ishu ya ushauri wa kilimo, yani unampataje bwana shamba au bibi shamba, unamuulizaje, na unajuaje huyu anayekwambia pulizia hiki anaongea kwa faida yako au kwa faida ya duka lake. Naandika kwa sababu naumia. Kila msimu unamuona mtu anaingia duka la pembejeo na jani moja mfukoni limeshanyauka halitambuliki, anatoka na chupa tatu, wiki mbili baadae shamba limekufa vilevile na hela imeisha, na ukimuuliza nani alikushauri anasema "waliniambia dukani". Ushauri sahihi upo, na huku kwetu upo karibu kuliko sehemu nyingi za nchi hii, ila siku hizi haukufuati nyumbani, unaufuata wewe.

Kwanza tuelewe kwa nini imekuwa hivi, maana wazee wengi bado wanasubiri bwana shamba apite kama zamani. Upande wa kahawa Kilimanjaro mambo yalikuwa ya njia moja. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933, chama cha msingi kinakukopesha mrututu (dawa ya kahawa) na mbolea, bwana shamba anapita vihambani, yani kwenye mashamba ya nyumbani ya kahawa na ndizi, kahawa ikiuzwa deni linakatwa hukohuko. Vyama vikuu vikavunjwa 1976, vikarudishwa miaka ya themanini, afu 1994 wanunuzi binafsi wa kahawa wakaruhusiwa. Mkulima akapata pa kuuzia zaidi ya pa moja na hela mkononi, hilo halina ubishi lilikuwa jema, lakini mkopo wa pembejeo ukayumba, maana chama kitakukopesha vipi kama hakijui msimu ukifika kahawa utampelekea nani. Maafisa ugani, yani hao mabwana shamba na mabibi shamba, nao wakawa chini ya halmashauri, watafiti wako chini ya wizara, pembejeo zikaenda kwenye maduka ya watu binafsi. Kwa iyo ushauri uliokuwa unatoka mdomo mmoja sasa unatoka midomo minne mitano na hakuna anayekuunganishia, kazi ya kuunganisha ni yako.

Anza na afisa ugani wa kata

Huyu ndo wa kwanza hata kama umesikia hafiki. Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, kama uko mjini nenda ofisi ya kata, uliza afisa ugani wetu ni nani, namba yake ni ipi na ofisini yupo siku gani. Wengi hawajui hata jina lake halafu wanalalamika haji. Mtu mmoja anaweza kuwa na vijiji kadhaa, na kutoka kijiji cha juu mlimani mpaka cha tambarare ni safari, mvua ikinyesha ndo kabisa. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwagawia maafisa ugani pikipiki, vipima udongo na vishikwambi, kwa iyo uliza pia kama wa kwenu anacho kipima udongo na kinatumikaje, hapo chini nitarudi kwenye udongo. Ukiwa palepale ofisini hakikisha umesajiliwa kwenye daftari la mbolea ya ruzuku na taarifa zako ziko sawa, ukubwa wa shamba na namba ya simu unayoitumia kweli, maana watu wanakuja kushtuka msimu umeshaanza.

Huduma yake ni bure, analipwa mshahara. Ila kumwita mtu apande mpaka kwako kwa ajili ya robo eka ni ngumu, ndo maana nawaambia watu jipangeni majirani kumi au kumi na tano wenye zao moja, chagueni siku, mwandikieni barua fupi kupitia mtendaji, mseme tunalima nyanya, tuko watu kadhaa, tatizo letu ni hili, tunaomba uje Jumanne asubuhi kwenye shamba la mama fulani. Hapo anakuja kwa moyo, kwa sababu na yeye kwenye ripoti yake anaandika amehudumia kikundi. Mkizoeana mnaweza kumuomba awaanzishie shamba darasa, yani mnakutana kila wiki kwenye kipande kimoja kuanzia kitaluni mpaka mavuno, mnachungulia wadudu pamoja na kuamua pamoja. Kwangu mimi hiyo ndo njia bora kuliko semina zote za ukumbini.

Na jambo moja ambalo linaniuma. Bwana shamba akija anayeitwa ni baba, anakaa kwenye kiti anasikiliza, wakati anayepalilia, anayemwagilia na anayeona jani likibadilika rangi ni mama au kijana. Tafadhali, anayefanya kazi ndo akae mbele. Kama mama ndo anapima dawa kwenye bomba halafu maelezo ya vipimo kapewa mzee ambaye jioni hakumbuki, mmepoteza siku nzima.

Nenda na swali lililoiva

Ukimpigia mtaalamu ukamwambia "shamba langu linakufa nisaidie" hana cha kukujibu. Mwambie zao gani, mbegu gani, umepanda lini, tatizo limeanza lini na limeanzia upande gani wa shamba, limeshika mimea yote au hapa na pale, umwagiliaji ni wa mfereji au matone, umeshapulizia nini na lini. Hayo yote yanatoka kwenye daftari. Nunua daftari la kawaida la shule, kila kitu unachofanya shambani andika tarehe, kiasi na gharama, mvua ikinyesha andika. Mtaalamu akiona daftari anakuheshimu na anafikiri vizuri zaidi.

Sampuli nayo ina utaratibu wake. Usibebe jani lililokauka kabisa, ugonjwa umeshamaliza kazi hapo. Chukua mmea ambao ugonjwa ndo unaanza, ung'oe na mizizi yake, chukua na mmoja mzima wa kulinganisha, funga kwenye gazeti, usiweke kwenye plastiki juani maana utaoza na mtaalamu atakuwa anaangalia kuoza kwa plastiki badala ya ugonjwa wako. Peleka siku hiyohiyo. Kama ni picha za simu piga tatu, moja ya shamba zima, moja ya mmea mzima, moja ya karibu kabisa sehemu yenye tatizo, na geuza jani upige kwa chini pia, wadudu wengi wanakaa huko.

Kuna vitu unaweza kuvijua mwenyewe kabla hujamtafuta mtu. Chukulia nyanya za Ngarenanyuki. Kantangaze, yule mdudu ambaye kiwavi wake anakula majani na matunda ya nyanya, aliingia nchini 2014 na mpaka leo watu wanamchanganya na yule inzi anayechora majani. Chukua jani, liinue kwenye mwanga wa jua. Ukiona vimstari vyembamba vyeupe vinavyojipinda kama mtoto kachezea kalamu, huyo ni inzi. Ukiona baka pana, jani limekuwa kama karatasi nyepesi inayoangaza, ndani yake vidonge vyeusi vya kinyesi na pengine kiwavi mwenyewe anasogea, huyo ni kantangaze. Afu kagua tunda pale chini ya kikonyo, akiwa ameingia utakuta kitundu. Ni wadudu wawili tofauti na hela ya dawa unayoitumia kwa huyu inaweza isimguse yule. Na kantangaze sio wa nyanya peke yake, anakula viazi mviringo, bilinganya mpaka mnafu, kwa iyo ukivuna ukaacha masalia na mnafu pembeni umemuachia chakula cha msimu ujao.

Nyingine ni mnyauko. Nyanya ilikuwa nzuri asubuhi, mchana imelala, majani bado ya kijani. Watu hapo wanakimbilia dawa ya ukungu. Ngoja kwanza. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kidogo tu kama urefu wa kidole, chukua glasi ya maji masafi, kining'inize kipande kiguse maji, usitikise, tulia dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Huo hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya, asikudanganye mtu. Ng'oa mmea na udongo wake, peleka mbali na mfereji, jembe lisafishwe, na msimu ujao hapo usirudishe nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi, weka mahindi. Kama huo uzi hauonekani halafu ukipasua shina ndani kuna rangi ya kahawia, mpelekee mtaalamu, inaweza kuwa mnyauko wa ukungu wa udongoni, na ushauri wake ni mwingine ikiwemo kubadilisha mbegu.

Duka la pembejeo

Sisemi wauza pembejeo ni wabaya, wapo waliosoma kabisa na wanaokwambia ukweli, na kwa wengi wetu ndo wataalamu wa karibu zaidi. Lakini muuzaji anakula akiuza. Kwa iyo ukiingia usiulize "dawa ya nyanya ipo?", ingia ukijua tatizo ni nini, afu muulize maswali haya: hii chupa kiambato chake (ile dawa yenyewe iliyomo ndani) ni kipi, inaua mdudu gani, siku ngapi toka kupulizia mpaka kuvuna, na kama isipofanya kazi nibadilishe kwenda kipi. Akishindwa kukujibu nenda duka lingine.

Hapo kwenye kiambato ndo hela nyingi inapotea. Chupa zinakuwa na majina tofauti na picha tofauti, ndani kitu kilekile. Hata viambato viwili vyenye majina tofauti vinaweza kuwa vya ukoo mmoja, mfano abamektini na emamektini, zinamuua mdudu kwa njia ileile, kwa iyo mtu anadhani anabadilisha dawa kumbe anamzoesha mdudu. Kwenye lebo nyingi ukoo umeandikwa kwa namba, angalia namba, badilisha namba, jina la biashara liache. Na tafadhali acheni kuchanganya dawa tatu kwenye bomba moja kwa sababu jirani kafanya hivyo.

Angalia lebo ina namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), ile iliyokuwa TPRI pale Ngaramtoni, na maelezo ya Kiswahili. Rangi ya mkanda wa chini inakwambia ukali: nyekundu ni hatari kabisa, ikifuatiwa na njano, bluu, halafu kijani. Zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimu, nyanya unayoivuna kesho yake inaliwa na mtoto wa mtu pale soko la Kilombero Arusha au la Mbuyuni Moshi, na inaliwa na mtoto wako pia. Mbegu nazo pakiti iwe na lebo ya TOSCI (taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu), ikwangue uhakiki kwa simu ukiwa bado dukani, usiende kuhakiki nyumbani. Dai risiti, imeandikwa jina la dawa na tarehe. Ikitokea mbegu feki bila risiti huna pa kuanzia.

Udongo

Watu wanauliza niweke mbolea gani, na jibu la kweli ni kwamba hakuna anayejua mpaka udongo upimwe. Kuchukua sampuli ni kazi ya asubuhi moja. Tembea shambani kwa zigizaga, chukua sehemu kumi mpaka kumi na tano, kila sehemu fyeka majani ya juu, chimba sentimita 20, kata kipande chembamba cha ukuta wa shimo kutoka juu mpaka chini, weka kwenye ndoo safi. Ruka penye kichuguu, palipokuwa zizi, njiani, ulipochoma masalia. Usitumie mfuko uliokuwa na mbolea. Changanya yote vizuri, anika kivulini, chukua kama nusu kilo, andika jina, kijiji, zao la mwisho na zao unalotaka kupanda. Kama shamba lina udongo wa aina mbili, mwekundu juu na mweusi bondeni, hizo ni sampuli mbili. Afisa ugani mwenye kipima anaweza kukupa picha ya haraka, ukitaka vipimo vya maabara wakulima wa kahawa wana maabara ya TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) Lyamungu, na kituo cha taifa cha udongo ni TARI (taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga. Fanya hivyo miezi miwili kabla ya masika, sio wiki ya kupanda.

Vituo vya utafiti sio vya wazungu wala vya wasomi

Huku kwetu tumezungukwa. TARI Selian hapo Arusha wanashughulika na mahindi na maharage, yale maharage ya Selian 97 na Lyamungu 90 mnayoyasikia yametoka kwenye utafiti wa huku huku. TARI Tengeru ni mboga na matunda, nyanya za Tanya na Tengeru 97 zimetoka hapo. Tengeru hukohuko kuna Kituo cha Dunia cha Mboga, wamebobea sana kwenye mboga zetu za asili, mnafu, mchicha, ngogwe. TaCRI ipo Lyamungu wilaya ya Hai, ilianzishwa 2001 lakini kituo chenyewe cha Lyamungu ni cha tangu miaka ya thelathini. Wana geti na mlinzi ndio, lakini mlango uko wazi kwa mkulima. Pigeni simu kwanza au pitieni kwa afisa ugani, nendeni kama kikundi, mtapewa mtu wa kuwatembeza.

Kwa mwenye kihamba Marangu, Machame, Kibosho, swali la kwenda nalo Lyamungu ni miche. Kahawa ya zamani inashikwa na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, na gharama ya kupulizia mwaka mzima ndo iliyowafanya watu wang'oe kahawa wapande nyanya au waache kabisa. Chotara za TaCRI zimetengenezwa zivumilie magonjwa hayo mawili, kwa iyo hesabu ya dawa inashuka sana. Uliza AMCOS yako (chama chako cha msingi cha ushirika) kama ina kitalu, uliza chotara ipi inafaa urefu wa kutoka usawa wa bahari wa kijiji chako, na using'oe kihamba chote kwa mara moja, badilisha kipande kwa kipande ili ndizi na kahawa iliyobaki iendelee kukulisha.

Makampuni na miradi

Atakuja kijana kwa pikipiki ana fulana ya kampuni ya mbegu, msikilize, wanajua mbegu zao vizuri na mashamba yao ya mfano ni shule. Swali la kumuuliza kwa heshima: wewe ndugu unalipwa na nani, na nikipanda kama ulivyosema ikashindikana utarudi? Muulize pia shamba la mfano lilimwagiliwa mara ngapi na likawekwa mbolea mifuko mingapi kwa eka, maana mahindi yanayoonekana pale barabarani yamekula gharama ambayo wewe huna. Kama ni kilimo cha mkataba, maharage machanga ya kwenda nje kwa mfano, mkataba usomwe na mtu anayeujua kabla ya kusaini, uangalie nani anapanga daraja la mazao, bei imewekwa lini, mazao yakikataliwa yanaenda wapi, na gharama ya pembejeo walizokukopesha inakatwaje. Wa mboga, matunda na maua wana chama chao, TAHA, makao yake ni hapa Arusha, ukiwa mwanachama unaweza kupata mtaalamu na taarifa za soko pamoja.

Miradi ya wafadhili ni mizuri ikiwepo, ila ina mwisho. Siku ya kwanza tu uliza mradi unaisha lini na ukiisha nani atabaki na hiki mlichotufundisha.

Nane Nane

Haya ni maonyesho ya wakulima ya mwezi wa nane, kwetu yako viwanja vya Themi pale Njiro, kanda yetu ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Usiende tarehe nane yenyewe, kuna watu wengi na hotuba, wataalamu hawana muda. Nenda siku za mwanzoni asubuhi, na daftari na sampuli yako kwenye gazeti, pita mabanda ya TARI, TPHPA na TOSCI, kisha vipando, yani mazao ya mfano yaliyopandwa palepale uwanjani. Kwenye vipando usiishie kupiga picha, muulize anayehudumia alipanda lini na ameweka nini.

Jaribu kidogo kwanza, afu piga hesabu

Ushauri wowote hata ukitoka kwa mtafiti, jaribu kwenye mistari minne mitano, mingine iache kama ulivyozoea, pembeni yake, udongo uleule, maji yaleyale. Weka vijiti usisahau. Siku ya kuvuna pima kila upande kwa ndoo ileile. Halafu usiishie kwenye mavuno. Tuseme mbolea mpya imekuongezea gunia mbili kwa eka, toa bei ya mbolea, toa vibarua, toa usafiri, toa kile dalali anachokata na ile lumbesa (gunia la kujaza kupita kipimo), kinachobaki ndo faida ya ushauri. Maafisa wengi wamefundishwa kuongeza mavuno, hesabu ya soko tuifanye sisi na tuwaletee, tuwaambie bwana shamba tulipata zaidi ila tulivuna wiki ambayo kila mtu anavuna bei ikaanguka, tupange tarehe ya kupanda upya.

Na mrudishie majibu. Aliyekushauri mpigie umwambie imefanya kazi au imekataa, mualike aje aone ile mistari. Ikifanya kazi kwako anaipeleka kijiji cha pili, ikikataa anaacha kuwaambia wengine.

Kama umemtafuta afisa ugani mkiwa kikundi, mmeandika barua na haji, msigombane naye. Nendeni kwa mtendaji wa kata na nakala ya barua yenye tarehe, mkikosa majibu nendeni idara ya kilimo ya halmashauri yenu muonane na afisa kilimo wa wilaya, na diwani mmwambie alisemee kwenye kikao. Barua muwe mnaigongesha muhuri wa kupokelewa, nakala moja inabaki kwenu.